Natafuta waandishi wa kujitolea: besiboli ya kulipwa ya Japani, Korea na Taiwani kwa Kiswahili

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo.

Nataka tuwe na kundi la watu wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu ligi tatu za besiboli ya kulipwa barani Asia: NPB ya Japani, KBO ya Korea Kusini na CPBL ya Taiwani. Ripoti za mechi, historia za timu, makala za wachezaji. Hakuna mshahara na siahidi posho. Namhitaji mtu anayependa kuandika, anayetimiza ahadi, na aliye tayari kuujua mchezo huu kwa undani.

Mtu atauliza kwa nini tusianze na Marekani ambako kila kitu kinapatikana kirahisi. Jibu langu la kwanza ni saa. Mechi ya jioni New York inaanza saa nane usiku kwetu, na ya Los Angeles inaanza watu wakiamka kwenda kazini. Mechi ya jioni Tokyo inayoanza saa 18:00 kwa saa zao, kwetu Dar, Nairobi na Kampala ni saa sita kamili mchana. Korea siku za kazi wanaanza saa sita na nusu mchana kwetu, Taiwani saa saba na nusu na dakika chache. Wikiendi Japani wanacheza sana mchana, kwa hiyo kwetu ni saa mbili asubuhi, unatazama ukinywa chai. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi watoe saa moja hapo. Ripoti iliyoandikwa mechi ikiisha inamfikia msomaji saa kumi alasiri, siku hiyo hiyo. Hakuna ligi kubwa ya besiboli duniani inayokaa vizuri namna hiyo kwenye ratiba yetu.

Jibu la pili ni kwamba hizi ligi zina utamu wa peke yake, na kwa Kiswahili karibu hakuna anayezigusa.

Kwa wasiozijua kabisa, NPB ina timu 12 zilizogawanywa katika ligi mbili, Central na Pacific, mfumo ulioanza 1950. Kila timu inacheza mechi 143 kabla ya hatua za mwisho. KBO ilianza 1982 na timu 6, leo ina 10, mechi 144 kwa kila timu. CPBL ilianza kuchezwa 1990, ina timu 6 na mechi 120. Piga hesabu: Japani mechi 858, Korea 720, Taiwani 360. Msimu unaanza mwishoni mwa Machi na fainali zinaingia Oktoba na Novemba, na Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika. Mtu mmoja hawezi, hata watano hawawezi. Ndiyo maana nimeleta uzi.

Msomaji wetu wa mpira wa miguu atazielewa timu hizi haraka kuliko Mmarekani. Kule timu nyingi zinabeba jina la kampuni inayozimiliki, kama sisi tunavyosema Mtibwa Sugar au Azam. Yakult ni kinywaji, Yomiuri ni gazeti, Hanshin ni kampuni ya reli. Lotte wa pipi na biskuti wana timu mbili, Marines huko Chiba, Japani, na Giants huko Busan, Korea. Rakuten wana Eagles huko Sendai na Monkeys huko Taoyuan, Taiwani. Na sare ipo! Mechi ya kawaida ni raundi 9; Japani wakifika raundi ya 12 bila mshindi mechi imeisha, Korea tangu 2025 wanaishia ya 11. Sisi sare hatuhitaji kufundishwa.

Ninaotafuta:

Waandishi wa timu. Unachagua timu moja, unaandika ripoti moja kwa wiki, maneno 400 hadi 600.

Watu wanaosoma Kijapani, Kikorea au Kichina, hata kama hawaandiki vizuri. Watatusaidia kuhakiki.

Wahariri wawili wenye Kiswahili kilichonyooka.

Waswahili mlioko Japani, Korea au Taiwani, hasa wanafunzi. Nyie mnaweza kuingia uwanjani.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu wazo zuri ila nikuulize kwa nia njema. Besiboli hapa Tanzania nani anaicheza? Utamwandikia nani?

#3 Mleta uzi

Swali la haki kabisa mkuu.

Azania Sekondari, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Shule za bara na visiwani zimekuwa zikikutana kwenye mashindano ya taifa yaliyopewa jina la Koshien, jina la uwanja maarufu wa Japani ambao vijana wa sekondari wa kule wanaota kuukanyaga. Hao vijana wetu wanafundishwa kuinama kwa heshima kabla na baada ya mechi, wanafundishwa kusafisha uwanja, halafu wakitaka kusoma kuhusu Koshien yenyewe kwa lugha yao hawapati hata ukurasa mmoja wa maana.

Uganda wametuacha mbali. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, na wakashinda mechi. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, klabu ya ligi kuu ya Marekani, wakasaini vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Halafu kuna Chusei Mannami. Mlinzi wa eneo la nje la uwanja wa Hokkaido Nippon-Ham Fighters, amezaliwa Tokyo mwaka 2000, mama Mjapani, baba kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ana mkono unaorusha mpira kutoka ukutani hadi kwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, ukiwa hewani. Msimu wa 2023 alipiga homurani 25 (mpira unaopigwa ukavuka ukuta wa uwanja), moja tu pungufu ya vinara wa ligi ya Pacific waliomaliza na 26. Niambie ni Mkongo gani wa Bukavu au Kinshasa hatapenda kumsoma huyu kijana kila wiki. Mimi naona aibu kwamba habari zake zinasomeka kwa Kijapani, Kiingereza na Kichina, kwa Kiswahili hakuna.

#4 Mchangiaji, Nairobi

Kaka, niko tayari. Ila nikuambie ukweli, mimi KBO nimeijua kupitia mkeka. Wengi hapa ni hivyo, ukiamka asubuhi hakuna mpira wa kubeti unakuta mechi za Korea na Japani. Tukiwapa watu utabiri wa kila siku tutapata wasomaji haraka sana.

#5 Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu, na nashukuru umeleta jambo hili wazi mapema.

Hapa naweka msimamo na sitaubadilisha: hatutatoa utabiri wa kubeti, hatutaweka viwango vya odi, hatutapokea matangazo ya kampuni za kubeti. Anayetaka kufanya hivyo ana mahali pengine pengi.

Sababu yangu inatoka ndani ya mchezo huu huu. Taiwani katika miaka ya 90 ilikuwa na ligi iliyojaza viwanja. Mwaka 1996 na 1997 ikagundulika wachezaji wanauza mechi kwa magenge ya kamari. Timu ya China Times Eagles ilibomoka, mashabiki wakakimbia, na jeraha likafumuka tena 2008 na 2009. Kuanzia 2009 ligi ilibaki na timu 4 tu kwa zaidi ya miaka 10. Wei Chuan Dragons walirudi 2021, TSG Hawks wakaingia ligi kuu 2024, ndipo zikafika 6 za leo. Japani nao waliwahi kuchafuka kuanzia 1969, Nishitetsu Lions wakafungiwa wachezaji muhimu kwa kuhusishwa na mechi za kuuzwa.

Kwa hiyo ukiona shabiki wa Taiwani analia machozi mwaka 2024, jua analilia miaka hiyo yote. Tarehe 24 Novemba 2024, ndani ya Tokyo Dome, Taiwani waliwafunga Japani 4 kwa 0 kwenye fainali ya Premier12, mashindano ya timu za taifa. Raundi ya 5, Lin Chia-cheng anapiga homurani, muda mfupi baadaye nahodha Chen Chieh-hsien anapiga nyingine ya pointi 3. Japani walikuwa wameshinda mechi 27 mfululizo za kimataifa kabla ya usiku huo. Hiyo ndiyo habari ninayotaka tuiandike. Mtu wa mkeka ataona namba 4 kwa 0 na kuondoka.

Wewe unayeijua KBO kwa sababu ya mkeka unafaa sana. Tayari unazijua timu na warushaji wao. Naomba uchukue timu moja ya Korea.

#6 Mchangiaji, Tanga

Mimi napenda kuandika ila Kijapani sijui hata neno. Nitapata wapi habari za uhakika? Na sitaki kutafsiri magazeti ya watu.

#7 Mleta uzi

Vizuri kwamba hutaki, kwa sababu kutafsiri gazeti la mtu neno kwa neno hatutaruhusu. Tunaandika tulichokiona na tunachokihakiki.

Fanya hivi. NPB na KBO zote zina kurasa rasmi za Kiingereza zenye ratiba, matokeo na msimamo. Hiyo ni mifupa. Nyama inatoka kwenye mechi yenyewe: Pacific League wana huduma ya kutazama mechi kwa kulipia, na wana chaneli ya YouTube ya vipande vifupi. Chukua daftari, andika raundi kwa raundi. Nani kapanda kilimani kurusha, ametupa mipira mingapi, nani kafika besi (vituo ambavyo mpigaji anavizunguka ili kupata pointi), mpira uliopasua mechi ulipigwa raundi ya ngapi na watu wangapi wakiwa besi. Ukimaliza raundi 9 una ripoti mkononi bila kuiba sentensi ya mtu.

Picha msichukue mtandaoni. Bora ripoti isiwe na picha. Vipande vya video msikate na kupandisha upya, wekeni kiungo cha mwenye haki.

Majina: Wakorea na Wataiwani tutaanza na jina la ukoo kama wanavyoandika wenyewe. Wajapani wengi msomaji ameshawazoea kwa mpangilio wa Shohei Ohtani, tuufuate huo huo ili asichanganyikiwe.

Nakupa mfano wa aina ya uandishi ninaoutaka. Nimechukua mechi ya zamani kwa makusudi, ili muone kwamba hata ya zamani ikiandikwa vizuri inasomeka:

*CHIBA, 10 Aprili 2022. Wapigaji 27 wa Orix Buffaloes walisimama mbele ya Roki Sasaki, na wote 27 walirudi benchi bila kugusa besi ya kwanza. Kijana huyo wa miaka 20 wa Chiba Lotte Marines ametimiza mechi kamili, ya kwanza Japani tangu Hiromi Makihara wa Yomiuri mwaka 1994. Wapigaji 13 mfululizo aliwatoa kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira, rekodi mpya. Jumla yao ilifika 19, sawa na rekodi ya mechi moja. Masataka Yoshida, mpigaji ambaye kumtoa kwa straiki ni kazi ya wiki nzima, ametolewa mara tatu. Aliyekuwa anamdakia alikuwa Ko Matsukawa, mwenye miaka 18, ametoka sekondari juzi. Marines 6, Buffaloes 0, mipira 105.*

Mnaona hakuna "mechi ilikuwa ya kusisimua". Msisimko uko ndani ya 13 mfululizo na umri wa mdakaji. Baada ya hapo mwandishi anaweza kueleza kwamba Sasaki anatoka Rikuzentakata, mji uliofagiliwa na tsunami ya 2011, ambako alipoteza baba yake na babu na bibi. Na kwamba wiki moja baadaye alimaliza raundi 8 nyingine bila mtu kufika besi, kocha akamtoa ili kulinda mkono wake, matokeo yakiwa 0 kwa 0. Leo yuko Dodgers. Mechi ile ya pili ndiyo inanivuta zaidi, maana hapo kuna hoja ya kubishana: ungekuwa wewe kocha, ungemtoa?

#8 Mchangiaji, Osaka

Shikamooni wakubwa, habari wenzangu. Mimi ni dada wa Kitanzania, nasoma huku Osaka. Nimeusoma uzi wote na ninaomba Hanshin Tigers, tafadhali msimpe mtu mwingine.

Koshien ukiingia mara ya kwanza unashangaa udongo. Sehemu ya ndani ya uwanja ni udongo mweusi, haina nyasi kabisa, na vijana wa sekondari wakitolewa kwenye mashindano wanapiga magoti wanauchota kwenye mifuko waende nao nyumbani. Uwanja ulifunguliwa 1924. Kila Agosti Tigers, wenye uwanja, wanaondoka kuwapisha watoto wa shule, wanacheza ugenini au kuazima uwanja wa Osaka mjini. Klabu kubwa ya kulipwa inapisha wanafunzi, na hakuna anayelalamika.

Kwenye majukwaa kuna wasichana wanaouza bia, kila mmoja amebeba pipa mgongoni lenye mpira wa kumiminia. Wanapanda na kushuka ngazi zile za mwinuko mkali mechi nzima, kwenye joto la Julai, wakitabasamu na kumkumbuka mteja aliyeagiza raundi ya pili. Natamani kuandika makala yao peke yao. Tokyo kwa Yakult, timu ikipata pointi mashabiki wanafungua miavuli midogo na kuipandisha na kuishusha kwa mdundo, uwanja mzima unakuwa wa rangi.

Hanshin walibeba ubingwa wa Japani 2023 baada ya kusubiri tangu 1985. Mji huu ulivyokuwa siku ile watu bado wanausimulia madukani.

#9 Mleta uzi

Dada yangu, marahaba, Hanshin ni yako. Makala ya wauza bia ianze hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ukipata ridhaa ya mmoja wao kuzungumza naye, usitaje jina lake wala timu ya wauzaji anayofanyia kazi.

#10 Mchangiaji, Dodoma

Naomba nipingane kidogo. "Kujitolea" tumeshachoka nako. Vijana wanaandikia mitandao ya watu miaka, mwenye mtandao anajenga nyumba, wao wanaambiwa wanapata uzoefu. Mimi niliandikia tovuti moja ya michezo msimu mzima, siku nilipoomba hata vocha nikatolewa kwenye grupu, na makala zangu zikabaki pale kwa jina la mtu mwingine. Hili lako lina tofauti gani?

#11 Mleta uzi

Pole mkuu, na nakushukuru, kwa sababu hili ndilo linalopaswa kujibiwa kabla mtu hajaandika mstari mmoja.

Makala ni mali ya aliyeiandika. Jina lake linakaa juu, na akitaka kuiondoa, inaondolewa siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu. Anaruhusiwa kuichapisha kwingine au kuiuza gazetini. Hatutaweka matangazo. Siku tukikubaliana kuweka, tutakaa wote tuliochangia na kugawana kwa idadi ya makala, na hesabu kila mmoja ataiona. Hayo nitayaandika kwenye waraka mmoja na kila mwandishi atapewa nakala yake kabla ya kuanza.

Ndiyo maana pia nimesema ripoti moja kwa wiki. Mtu ana kazi, ana shule, ana watoto. Nikikuomba mechi 143 nitakuwa nakunyonya hata nikikuita ndugu. Ukishindwa wiki hii, sema mapema, mwenzako akushikie.

Na nina mfano unaonipa moyo. MyKBO, tovuti ya Kiingereza iliyowafungulia watu wa nje mlango wa besiboli ya Korea, ilianzishwa na shabiki mmoja aliyetaka tu kuifuatilia ligi. Aliendelea miaka na miaka na wasomaji wachache. Kisha ikaja korona. Tarehe 5 Mei 2020 KBO walifungua msimu wakati michezo karibu yote duniani imesimama, ESPN wakaanza kuonyesha mechi zao Marekani, na ghafla watangazaji wakawa wanatafuta mtu yeyote anayezijua timu hizo. Kazi ya shabiki ilikuwa tayari pale, imekamilika, ina majina na takwimu. Na Wakorea wenyewe hawajapoa: 2024 mashabiki walioingia viwanjani walipita milioni 10 kwa mara ya kwanza, 2025 wakapita milioni 12. Mwaka huo huo wa 2024 walikuwa ligi kuu ya kwanza ya kulipwa kuachia mashine iamue straiki na mpira, yaani kama mpira uliorushwa umepita eneo halali la kupigwa au la. Mjadala wa mwamuzi wa mashine, ukiuleta kwa mashabiki wa Simba na Yanga wanaogombana na VAR, utasomwa.

#12 Mchangiaji, Dodoma

Nimeelewa. Waraka ukiwa tayari nitumie. Nikiuona uko sawa nachukua Hiroshima Carp, nimesikia haina kampuni kubwa nyuma yake kama wengine.

#13 Mleta uzi

Umesikia sawa, familia ya Matsuda yenye uhusiano na Mazda ndiyo inayoishikilia, na mji uliwahi kuichangia kwa mapipa yaliyowekwa nje ya uwanja, mashabiki wakitupia sarafu isife. Anza na hiyo.

Hadi sasa: Hanshin imechukuliwa, Hiroshima inasubiri waraka, Nairobi anachagua timu ya Korea (napendekeza Hanwha Eagles, bingwa mara moja tu mwaka 1999, wamerudi fainali 2025 na kufungwa na LG Twins mechi 4 kwa 1). Tanga, wewe naomba uchukue Fighters ili Mannami apate mwandishi wake.

Zilizobaki wazi Japani ni tisa. SoftBank Hawks, mabingwa wa 2025, hawana mtu. Yokohama walioshinda 2024 wakitokea nafasi ya tatu ya ligi yao, hawana mtu. Taiwani yote iko wazi, timu 6, na huko ndiko nahitaji msomaji wa Kichina kuliko kitu kingine.

Anayetaka kuingia anitumie sampuli ya maneno 300 kwa ujumbe wa faragha. Iwe mechi yoyote ya ligi hizi tatu uliyoitazama mwenyewe, raundi 9 zote.